Nilivyofutiwa Alama na Risasi Nilizozijaza Mwenyewe

Wiki mbili zilizopita nilifutiwa alama za siku nzima ya mashindano ya kulenga shabaha. Kulenga sikukosea. Siku hiyo nililenga vizuri kuliko siku nyingine yoyote mwaka huu, na waliokuwepo wanajua. Nilifutiwa kwa sababu risasi nilizozijaza kwa mikono yangu zilipita kwenye kronografu, kile kifaa cha kupima kasi ya risasi, zikaonekana legevu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito wa risasi), mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Kwenye kanuni za USPSA, chama cha mashindano ya kupiga shabaha cha Marekani, jibu lisipofika 125 unaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini alama huhesabiwi. Mazoezini, risasi zangu za .38 Special, za bastola ya silinda, zenye kichwa cha greni 158 zilikuwa zinakwenda futi 826, yaani jibu la 130.5. Nikajiona nina akiba ya kutosha. Kwenye meza ya ukaguzi wakafungua risasi moja, wakapima kichwa: greni 157.6. Hapo hakuna tatizo. Kisha mzee wa kronografu akapiga. Wastani 781. Zidisha mwenyewe utapata 123.1. Nikapewa nafasi ya pili kama kanuni zinavyotaka, hali ikawa ileile.

Nilimwambia mashine yake mbovu. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, na hilo linaniuma kuliko alama. Mzee hakukasirika. Aliniuliza tu: "Kijana, wewe ukipima kwako, hiyo bastola unaishikaje kabla ya kupiga?" Nikaona ananidhihaki. Nikachukua sanduku langu nikaondoka bila kumjibu.

Kilichonimaliza kabisa ni kwamba kijana niliyemfundisha kujaza risasi mimi mwenyewe, tangu kusafisha maganda hadi kubana mdomo wa ganda, alipita ukaguzi huohuo bila jasho. Tena kwa baruti niliyokuwa nimemkataza. Nitarudi kwenye hiyo baruti.

Swali la mzee lilikaa kichwani siku tatu. Siku ya nne nikaelewa.

.38 Special ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, ganda lake likiwa limepimwa kwa baruti nyeusi, ambayo huhitaji nafasi kubwa. Baruti za leo zina nguvu zaidi kwa kiasi kidogo, kwa hiyo ndani ya ganda hubaki chumba kitupu. Humo baruti hutembea. Ukiinua mdomo wa bastola juu kisha ukaishusha taratibu kwenye shabaha, baruti hulala nyuma, karibu na praima, kile kiwashio cha kwenye kitako cha ganda, ikawaka mapema na vizuri. Ukiinamisha mdomo chini kisha ukainyanyua, baruti inakuwa imekimbilia mbele, imeegemea kichwa cha risasi, na moto wa praima unaanza kwa kupita hewani. Risasi ni ileile, bastola ni ileile, kasi si ileile.

Mimi mazoezini nina tabia: nikishafunga silinda naelekeza mdomo juu ya tuta la kuzuia risasi, navuta pumzi, nashuka kwenye shabaha. Miaka yote hiyo nilikuwa napima baruti iliyolala nyuma. Mzee wa kronografu aliishika bastola mdomo ukitazama ardhi, akainyanyua. Na kwenye mashindano hivyo ndivyo inavyotoka kwenye mkoba wa kiunoni, mdomo chini.

Nikarudi uwanjani na risasi 40 za kundi lilelile. Ishirini nilianza mdomo juu, ishirini mdomo chini, moja moja, kwa sababu mtikisiko wa risasi iliyotangulia huvuruga baruti kwenye zile zilizobaki kwenye silinda. Kronografu niliiweka hatua ileile kutoka mdomoni, kama mita 4, ili moshi na mshindo wa hewa visiichanganye. Mdomo juu: 829. Mdomo chini: 772. Tofauti ya futi 57, na sijabadilisha chochote ila mkono wangu.

Kwa hiyo mashine ya mzee ilikuwa nzima. Tena ilikuwa imenihurumia kidogo.

Sasa ile baruti. Mwaka jana nililinganisha baruti mbili kwa ajili ya kundi letu. Moja ni laini na nzito, kiasi kidogo kinatosha. Nyingine ni nyepesi kwa ujazo, inajaza ganda zaidi. Nilipiga risasi tano za kila moja. Ile laini ikashinda kwa futi 12. Nikatangaza matokeo kama hakimu, na kijana wangu alipoendelea kutumia ile nyingine nikamwambia hajui kusoma namba.

Asiyejua kusoma namba alikuwa mimi. Mkengeuko sanifu wa kila kundi, yaani jinsi kasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa kama futi 17. Ukigawanya 17 kwa kipeuo cha pili cha 5 unapata karibu 7.6, huo ndio mtikisiko wa wastani wenyewe, yaani kiasi unachoweza kuyumba kwa bahati. Ukilinganisha wastani mbili zenye mtikisiko huo, tofauti inayoweza kujitokeza kwa bahati tu inafika 11 bila shida yoyote. Nilikuwa nimetangaza bahati. Na hata ile 17 haikuwa ya kuaminika: kwa risasi tano, mkengeuko wa kweli unaweza kuwa karibu mara tatu ya ule uliouona. Watu hujisifu kwa mkengeuko wa 6 walioupata kwa risasi tano. Nami nilijisifu sana tu.

Safari hii nilipiga 20 mdomo juu na 20 mdomo chini kwa ile baruti niliyoitukana. 825 na 811. Tofauti ya 14 tu, kwa sababu ganda limejaa vizuri na baruti haina pa kukimbilia. Hata kwa hali mbaya kabisa ni 127.8, inapita. Kijana alijua, au pengine hakujua, alikuwa ameipenda tu. Sijamuuliza.

Kujaa kwa ganda kuna faida nyingine ambayo ningeitaja kwanza kama ningekuwa mtu mwenye busara. Baruti ya kiasi kidogo kwenye ganda kubwa inaficha kosa la kumimina mara mbili. Ganda linameza vipimo viwili na bado kichwa kinakaa juu yake bila kulalamika, halafu silinda inapasuka mkononi mwako. Mulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kukalisha kichwa. Kila ganda. Nasema hivi kwa mtu anayejaza akiwa amechoka usiku na redio inaimba, maana najua upo.

Msomaji mmoja aliniandikia wiki hii hii, kana kwamba alijua. Anasema kitabu cha kujazia kinaahidi kasi kubwa kuliko anayoipata, kwa tofauti ya futi 70 hivi, je, aongeze baruti mpaka azifikie? Ndugu yangu, hapana. Tazama kwanza kitabu kilipima kwa kutumia kitu gani. Baadhi ya vipimo vimefanywa kwa mtutu wa majaribio uliofungwa, usio na mwanya kati ya silinda na mtutu, tena mrefu kuliko wako. Rivolva, yaani bastola ya silinda kama zetu, inavuja gesi pale kwenye mwanya, ndivyo ilivyoumbwa. Mimi nina mbili za inchi 4. Ya pili hupiga futi 31 chini ya ya kwanza kwa risasi zilezile. Nilipima mianya kwa vipande vyembamba vya chuma vya kupimia: milimita 0.10 kwenye ya kwanza, 0.23 kwenye ya pili. Kipenyo cha vyumba vya silinda nacho huchangia, na ulaini wa mtutu. Kiwango cha juu cha kitabu ni kiwango cha mgandamizo ndani ya chuma, na bastola yako ikiwa polepole haimaanishi mgandamizo nao uko chini. Ukifika kiwango hicho na kasi haijafika, kubali. Kasi ikipita ya kitabu wakati baruti bado ni kidogo, hapo ndipo uogope, rudi nyuma, pima mizani yako upya.

Wapo pia wanaolinganisha .38 na .357 Magnum kwenye bastola moja iliyotengenezwa kwa .357 kisha wanashangaa. Ganda la .357, iliyotoka mwaka 1935, ni refu kwa zaidi ya milimita 3, kwa hiyo kichwa cha .38 huruka nafasi tupu kabla ya kuingia mtutuni. Tena huacha pete ya uchafu ndani ya chumba. Safisha.

Na mbano wa mdomo wa ganda, tafadhali. Kichwa kisiposhikwa sawasawa husogea mbele kwa mtikisiko, risasi ya kwanza na ya sita zinakuwa vitu viwili tofauti, halafu unalaumu praima. Bana kwenye mfereji wa kichwa, bana sawa kwa zote. Watu wanataka kronografu mpya kabla ya kurekebisha mbano. Watu wanataka namba. Nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo nina haki ya kusema: andika namba ya chini, ile ya mdomo chini, hiyo ndiyo upange nayo mashindano. Ile ya juu ni ya kujifurahisha.

Zimebaki risasi 340 za kundi lile la 123.1. Nimeandika "mazoezi tu" kwa kalamu nyekundu juu ya kila sanduku. Namba ya simu ya mzee wa kronografu nimeshaipata, ila bado sijampigia.