Kabla hujasaini kujaribu dawa mpya ya maumivu ya neva

Shuka ndiyo iliyonisukuma. Usiku ikigusa nyayo tu, naruka kama niliyekanyaga makaa. Wakati huo nilikuwa nimeshapitia dawa tatu za maumivu ya neva (mishipa ya fahamu): amitriptilini, gabapentini na pregabalini. Moja ilinikausha mdomo, nyingine zikanifanya nisinzie mchana kutwa, na miguu ikaendelea kuwaka vilevile. Daktari aliponitajia jaribio la dawa mpya, nilitaka kusaini palepale.

Usisaini palepale. Nenda na fomu ya ridhaa nyumbani, uisome pamoja na mtu asiyeumwa, maana sisi tunaoumwa husoma tunachotamani. Uliza dawa iko awamu ya ngapi: ya kwanza hupima hasa usalama, ya tatu huilinganisha na dawa bandia (inafanana na dawa lakini haina kiambato cha kutibu) au dawa iliyopo, kwa watu wengi zaidi. Uliza ukidhurika nani atakutibu, na kwa gharama ya nani. Kujitoa ni haki yako siku yoyote, hilo halina mjadala.

Uliza pia kuhusu dawa unazotumia sasa. Mimi nilitakiwa niache pregabalini kwanza, nikapunguziwa kidogo kidogo. Usiikate ghafla mwenyewe ili ukubaliwe haraka. Inaweza kukunyima usingizi, hata kukuletea degedege.

Kumeza vidonge ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni daftari. Kila jioni unaandika namba, 0 hadi 10, wastani wa maumivu ya saa 24. Wiki ya kwanza nilijaza 8 mfululizo. Muuguzi akaweka kidole kwenye Jumanne: “Hii nane ni ya miguu, au ni ya siku yenyewe?” Nikakumbuka: Jumanne niligombana na kaka. Miguu labda ilikuwa 6. Tangu hapo nikajiwekea kipimo: 8 ni siku nisiyoweza kuvaa soksi, 5 navaa ila nazivua mapema.

Wapo wanaotia chumvi wakihofia kukataliwa. Namba iliyokuzwa mwanzoni hushuka yenyewe baadaye, hata dawa isipofanya kitu, na kwa kuwa watafiti huhesabu upungufu wa asilimia 30 kuwa nafuu ya maana, chumvi yako inaweza kuonekana kama dawa imefanya kazi.

Mimi nilishuka kutoka 7 hadi 4. Jaribio lilipokwisha na siri ya nani alipewa dawa ipi kufunguliwa, nikaambiwa nilikuwa kundi la dawa bandia. Nilinuna siku mbili nzima. Lakini usingizi niliupata, na soksi nilivaa. Sasa nimeanza duloksetini, dawa nyingine ya maumivu ya neva, na daftari bado liko kando ya kitanda.