Figo ya mtoto imejaa mkojo: kipimo gani kinajibu swali gani

Anza na altrasaundi. Haina mionzi wala haihitaji dawa ya usingizi. Inayoharibu ni haraka: ndani ya saa 48 baada ya kuzaliwa mtoto hukojoa kidogo, hivyo figo iliyoziba huweza kuonekana nzima. Subiri zipite, kisha rudia wiki ya 4 hadi ya 6, hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi. Asiyesubiri ni mwenye figo moja tu, au mwenye figo zilizojaa mkojo pande zote mbili, hasa wa kiume ambaye kibofu chake kina kuta nene. Huyo huenda ana vali zinazoziba njia ya mkojo.

Mpimaji akate picha ya figo kimkingamo, apime beseni la mkojo (sehemu ya figo inayokusanya mkojo) kutoka mbele kwenda nyuma, kwa milimita, kisha apime tena mtoto akishakojoa, maana kibofu kilichojaa hutanua hata figo isiyo na tatizo. Chini ya milimita 10, vikombe vya ndani (vinavyopeleka mkojo kwenye beseni) vikiwa havijatanuka, kwa kawaida hakuna wasiwasi. Zikizidi 15, mpeleke kwa bingwa. Ripoti ya “imevimba kiasi” bila namba irudishwe. Mwezi ujao utalinganisha na nini? Tena, piramidi (nyama ya ndani ya figo yenye umbo la pembetatu) za figo ya mtoto mchanga huonekana nyeusi kwa asili, na asiyezizoea huzisoma kama vikombe vilivyojaa maji.

Altrasaundi haisemi kama mkojo unarudi juu au umezibwa. Unaorudi huonwa kwa eksirei ya kibofu: mpira mwembamba wa mkojo, dawa ya picha takriban mililita 7 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto mchanga, na lazima picha ipigwe akiwa anakojoa, amelala ubavu, la sivyo vali hazionekani. Akiwa na maambukizi ya mkojo, atibiwe kwanza.

Kuziba huulizwa skani ya nyuklia ya MAG3 (dawa yenye mionzi kidogo inayochujwa na figo) pamoja na furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, baada ya wiki 4 hadi 6, figo zikishakomaa kidogo. Figo inayofanya chini ya asilimia 40 ya kazi yote inatia shaka. Figo kuchelewa kumwaga mkojo peke yake hakutoshi: mtoto aliyekaukiwa maji, kibofu kilichojaa, au beseni kubwa lililolegea vyote huchelewesha. Mnyonyeshe kabla, na kibofu kimwagwe.

CT (eksirei ya kompyuta) haina nafasi hapa kama kipimo cha kwanza. Mionzi yake ni mingi mno. MRI (picha ya sumaku) ni ya maumbile yenye utata, na mara nyingi hudai usingizi.