Bruno analipa kodi

Swali lenu la wiki hii, "Je, mji unaoishi unamkaribisha mnyama wako?", nimelisoma nikitoka zamu ya usiku, mbwa Bruno keshakaa mlangoni anataka kutoka. Najibu kabla usingizi haujanichukua.

Naishi Berlin, mtaa wa Wedding. Bruno hakuwa wangu. Alikuwa wa bibi jirani, ghorofa ya tatu, aliyeanguka akavunjika nyonga. Nikaombwa nikae na mbwa wiki mbili tu. Huu ni mwaka wa tatu. Na mimi ni mtoto wa Tanga, nyumba ambayo mbwa akikatiza uani ndoo za maji zinatafutwa. Najua kuosha kilichoguswa na mate ya mbwa mara saba, moja kwa udongo, kama dini ilivyotufunza. Kwa hiyo msinisome kama mtu aliyezaliwa akipenda mbwa.

Jibu langu ni ndiyo, mji unamkaribisha. Ila unamkaribisha kwa kumhesabu. Mbwa hapa ana chipu chini ya ngozi, ameandikishwa kwenye daftari la mbwa la mji, ana bima ya lazima ya kulipa akimng'ata mtu au akiangusha baiskeli, na ana kodi: euro 120 kwa mwaka, na ukiongeza wa pili, huyo ni 180. Mama niliposema hivyo kwenye simu alinirudisha nyuma. "Mbwa analipa kodi?" Analipa, mama, na wala fedha hiyo haiendi kwenye mambo ya mbwa, inaingia mfuko wa jumla kama kodi nyingine. Makaratasi yake yote yalikwisha ndani ya mwezi. Ya kwangu, ya kibali cha kuishi, tusiyazungumze.

Mwenye nyumba alijaribu kunitisha kwamba mkataba unakataza. Bibi mwenyewe, akiwa kitandani na nyonga yake, ndiye aliyenifundisha: tangu 2013 mahakama kuu ya nchi iliamua kwamba mkataba hauwezi kukataza mbwa wote moja kwa moja bila kuangalia hali ya kila mpangaji. Nikaandika barua, nikataja mwaka. Yakaisha.

Kwenye treni ya chini ya ardhi mbwa mkubwa hukata tikiti ya nauli nafuu, sawa na mtoto. Mdogo akiwa ndani ya kikapu hupanda bure. Mimi nina ile tikiti ya mwezi ya nchi nzima, lakini haimhusu Bruno, basi mimi napanda bila kufikiri na yeye ndiye wa kununuliwa tikiti. Mgahawani bakuli lake la maji hufika kabla sijaulizwa nitakula nini. Dukani kwenye chakula haingii, na mlangoni pamebandikwa picha ya mbwa na maneno yanayosema, kwa sauti ya mbwa mwenyewe, "Sisi inabidi tubaki nje." Mara ya kwanza nilicheka peke yangu barabarani. Kwetu kibao cha mbwa kinamwonya binadamu: HATARI, MBWA MKALI. Huku kibao kinamwomba mbwa radhi.

Raha yake hasa ni msitu wa Grunewald, magharibi ya mji. Kuna eneo kubwa limetengwa, kamba unaifungua, mbwa wanakimbia na kuogelea ziwani humo. Huko ndiko nilikojuana na watu. Miaka sita nilikaa jengo hili hakuna aliyenisalimia zaidi ya kutikisa kichwa. Siku hizi nusu ya mtaa wanamjua Bruno kwa jina, na mimi wananiita "yule wa Bruno". Sijui kama hilo ni la kushukuru. Nimelipokea.

Kuhusu ibada, kwa kuwa najua wapo wasomaji watakaouliza: Bruno haingii chumba ninachoswalia, mswala uko juu ya kabati, na nguo za kutembea naye zina msumari wake. Rafiki yangu Mmoroko huniona najisumbua, maana Wamaliki, madhehebu ya Kiislamu anayofuata yeye, hawamhesabu mbwa kuwa najisi. Namwambia mimi ni Mshafii, na zaidi ya hapo ni mtoto wa mama yangu.

Usiku mmoja tu mji unamgeuka: mkesha wa mwaka mpya. Fataki zinapigwa vibarazani na njiani tangu jioni, na Bruno anatetemeka mpaka meno yanagongana. Tunajifungia bafuni, kusiko na dirisha, nawasha redio. Mwaka jana mama alipiga saa nne usiku, kwao Tanga saa sita imegonga, akauliza mbona sauti yangu inatoka kama kisimani. Nikamwambia niko bafuni na Bruno, anaogopa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama bafu hilo ndilo ninalotawadhia.