Saikolojia inatosha kuombea uzamili wa sayansi ya ubongo?

Mdogo wangu, umeuliza kama shahada yako ya saikolojia inatosha kuomba uzamili wa sayansi ya ubongo na utambuzi pale Utrecht, Uholanzi, ilhali hujawahi kufanya kazi maabara. Omba. Kuna michepuo miwili: mmoja wa majaribio na kliniki, unaoegemea seli na magonjwa ya neva, na mwingine wa utambuzi, yaani kumbukumbu, umakini, lugha. Huo wa pili ndio wako.

Ila ujue sehemu kubwa ya miaka hiyo miwili ni utafiti, si darasa. Mradi mkuu peke yake huchukua kama miezi tisa. Kwa hiyo onyesha kwamba takwimu unaziweza na kuandika programu unajua. Anza Python sasa, usingoje barua ya kukubaliwa. Pakua data za EEG, yaani vipimo vya umeme wa ubongo, zilizo wazi mtandaoni, ondoa mawimbi yanayoletwa na kupepesa macho, kisha chora wastani wa mwitikio wa ubongo baada ya kila kichocheo. Kazi hiyo moja, ukiieleza vizuri, ina uzito kuliko kurasa mbili za "tangu utotoni naupenda ubongo".

Ada ndiyo inayonitia wasiwasi juu yako, maana anayetoka nje ya Ulaya hulipa mara kadhaa ya wenyeji. Angalia tarehe za ufadhili kwanza, ndipo za masomo. Na mwalimu aliyesimamia tasnifu yako mwombe barua wiki hii, angali anakukumbuka.