Kutoka dizeli kwenda umeme: daftari la mashine yangu ya kusaga, mota iliyoungua, na jibu kwa kikundi cha Kilosa

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nausoma toka jana nikasema nikae pembeni maana wataalamu mko wengi, ila naona mleta mada bado hajajibiwa alichouliza. Kwa ambao hamjapitia huko juu, ndugu yetu ni katibu wa kikundi cha vijana Kilosa, wameambiwa waandike andiko la kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa wilaya yao wahamie kwenye uchumi wa kaboni kidogo, yani biashara zisizotoa hewa ukaa nyingi, na anauliza waanzie wapi. Mmoja kamwambia wasubiri hela za kaboni, yani kulipwa kwa kupunguza hewa ukaa, kama wenzao wa wilaya ya Tanganyika kule Katavi, mwingine kasema gaweni sola basi imeisha hiyo.

Mi sio mtu wa mazingira. Nina mashine ya kusaga na kukoboa kijijini huku Wanging'ombe, Njombe, na miaka mitatu nyuma niliachana na dizeli nikaingia kwenye umeme. Neno kaboni lenyewe nimelijulia ukubwani. Kwa hiyo ntaongea kama mwenye mashine, mengine mtajaza wenyewe.

Mashine yangu ilikuwa inaendeshwa na injini ya Mchina, ile ya silinda moja ya kupiga hendeli, mnaijua moshi wake. Kama miaka saba hivi mi najua napata faida kwa sababu jioni mfukoni kuna hela. Basi. Dizeli nanunua kwa dumu, kijana akiniambia imeisha natoa hela nyingine. Siku moja akaja dogo mmoja na mradi fulani, hakuja na fulana wala bango, alikuja na daftari na chupa ya kupimia lita, akaniomba akae kwenye mashine siku tatu. Nikamwambia kaa, benchi lile pale. Akawa anapima mafuta kabla ya kuwasha na baada ya kuzima, anahesabu madebe, anaandika muda. Siku ya tatu jioni akanigeuzia daftari: nikisaga mfululizo injini inakunywa lita 3 kwa saa, na kwa siku nasaga kama masaa manne na nusu hivi, kwa hiyo lita 13 na ushee zinaenda. Dizeli kipindi hicho naipata kwa 2,900 ikishafika kijijini. Piga mwenyewe, karibu elfu 39 kila siku, bado oili, bado filta, bado pampu ya dizeli ambayo kila msimu lazima inisumbue.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza. Kama kazi hiyohiyo ingefanywa na mota ya umeme, ingekula uniti ngapi? Akapiga hesabu akasema kama 12 kwa saa. Uniti kwa matumizi ya biashara ndogo pamoja na makato ya LUKU ni kama shilingi 356, kwa hiyo saa moja ni 4,300 hivi badala ya 8,700. Nilikaa kimya. Nguzo za REA, wale wa umeme vijijini, zilikuwa zimeshapita kijijini muda tu, nyumbani nawasha taa na tivii, na mashine iko mita sabini kutoka kwenye laini mi naendelea kubeba dumu kichwani kama mjinga!

Ndo maana namwambia katibu aanze na daftari. Kabla hamjaandika neno moja la andiko, tafuteni wafanyabiashara ishirini hapo wilayani, wa mashine, wa chipsi, wa mikate, wachomeleaji, wa saluni, wa kukausha dagaa, mkae na kila mmoja siku tatu mpime anakula nini. Gharama yake ni nauli na ugali. Mtashangaa, kuna ambao mkimaliza kupima mtakuta hawahitaji kuhama kokote, wanahitaji kubadilisha nyundo za kinu zilizoisha au kubana mkanda unaoteleza, na hapohapo matumizi yanashuka.

Sasa kuhama kwenyewe kusikie kwa mwenzio. Mota ya kilowati 15, yani farasi 20, stata yake ya kuiwashia, nyaya, kuvutiwa fezi tatu (umeme wa nyaya tatu za moto), fundi, vyote vilinitoka kama milioni 4 na laki 6. Sikuwa nayo. Nilichukua nusu kwenye VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, na nusu niliuza ng'ombe. Na hapa ndo naona miradi mingi inakosea, wanakuja na mkopo wa kurudisha kila mwezi kiasi kilekile kama vile mi nalipwa mshahara. Mashine ya kusaga ina msimu wakuu. Watu wakishavuna mahindi nasaga mpaka usiku, ikifika Januari na Februari magala yamekauka nasaga debe tatu kwa siku nashinda nacheza bao. Mkopo wa vifaa vya namna hii inabidi ufuate mavuno, mtu alipe sana kuanzia Julai mpaka Novemba halafu apumue. VICOBA walinielewa kwa sababu wote pale ni wakulima, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nyie pia kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya kukopesha vikundi, 4 kina mama, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ile mnaweza kuiombea vifaa kabisa kama kikundi, ila nendeni na hesabu za daftari, msiende na maneno ya mabadiliko ya tabianchi peke yake.

Kosa langu kubwa nalisema wazi. Fundi aliniambia niweke kinga ya fezi, kile kidude kinachozima mota fezi moja ikikatika. Elfu 60. Nikamwambia tutaweka mwezi ujao. Wiki ya tano ikapiga radi, fezi moja ikaondoka, mota ikaendelea kunguruma na mbili, kijana yeye alikuwa nje anapokea madebe. Alivyosikia harufu ilikuwa imeshaiva. Kuisuka upya nyaya za ndani Makambako laki 6 na nusu, na siku kumi na moja bila mota katikati ya msimu. Kilichoniokoa ni kwamba injini ya dizeli sikuwa nimeiuza, nikairudisha kwa mkanda. Kwa hiyo kwa mwaka wa kwanza mtu asiuze injini yake, hata kama mradi unataka kupiga picha ya injini inatupwa. Jirani yangu wa ng'ambo ya mto aliuza yake mapema, mvua ikaangusha nguzo, siku tatu hana umeme, wateja wote wakaja kwangu na wengine mpaka leo hawajarudi kwake. Samahani jirani kama uko humu.

Hela ilirudi baada ya msimu mmoja na kipande. Siku ya kusaga vizuri naokoa kama elfu 20 ukilinganisha na dizeli, na mashine haitoi moshi, wamama wanakaa na watoto mlangoni bila kukohoa, hiyo wala sikuitegemea.

Kuhusu sola, aliyesema mgawe sola nadhani hajawahi kuwasha kinu. Mota ya kilowati 15 ili uiendeshe na jua la mchana bila betri unahitaji paneli kama 36 za wati 550, na kifaa cha kuipandisha mota taratibu maana ikianza tu inavuta umeme mwingi kuliko ikishazunguka. Nilipiga bei nikafunga daftari. Na wateja wangu wanakuja saa kumi na moja jioni wakitoka shamba, jua limeshaanza kwenda Usangu. Sola ya kusaga naiona ina maana sehemu ambazo nguzo hazitafika leo wala kesho, na hapo zipo mashine ndogo za kilowati 2 au 3 zinazosaga taratibu, debe moja unaenda kuchota maji unarudi ndo inamalizia. Kwa friji ya soda, taa, kunyoa, kuchaji simu, pampu ya bustani, sawa, sola iko vizuri. Kila kazi na chombo chake.

Na hela za kaboni. Ndugu, nilipiga hesabu ya kwangu. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Mi kwa mwaka nilikuwa natumia lita elfu 3 na mia tatu hivi, kwa hiyo ni tani 9. Chukulia hata nikipata mtu wa kuninunulia kila tani kwa dola 10, ni dola 90 kwa mwaka mzima, na hapo hujapunguza hewa ukaa ya umeme ninaotumia sa hivi ambao nao sio sifuri maana gridi yetu ina maji ya Rufiji lakini ina gesi ya Songo Songo na Mtwara pia. Nani atakuja kunikagua kwa dola 90? Wale wa Tanganyika wana msitu mkubwa wa vijiji kadhaa wanaoutunza pamoja, ni biashara nyingine kabisa. Msiwaahidi wenye mashine hela ya kaboni, mtagombana nao.

Sasa mkaa, ambao Kilosa ndo penyewe. Dada yangu ana mgahawa stendi Makambako. Serikali ilitoa agizo kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, lakini yeye hapikii watu 100, kwa hiyo hakuna aliyemlazimisha. Alihama kwa sababu ya maharage. Maharage yalikuwa yanakula mkaa asubuhi nzima. Akanunua jiko la presha la umeme, lile la lita 6, kilo moja ya maharage haifiki hata nusu uniti, halafu anafunika anaenda kukata mboga haliungulii. Sa hivi anayo mawili. Makande, maharage, utumbo, vyote humo. Chai na kukaanga anatumia gesi. Lakini ugali mkuu, ugali wa sufuria kubwa, ule wa kusimama na kusonga kwa mikono miwili, bado uko kwenye mkaa, na mi simlaumu, hakuna alichoonyeshwa kinachohimili mwiko ule. Mkaa kwake umeshuka kutoka magunia manne kwa mwezi mpaka moja na nusu. Kuna mtaalamu mmoja alimwambia hajahama bado. Nilicheka sana.

Ila mita mchunge. Yeye alianza kwa mita ya nyumbani ya bei ya chini, ile ya shilingi 122 kwa uniti, akafurahi sana mwezi wa kwanza. Ukivuka uniti 75 kwa mwezi ile bei inakimbia, na mgahawa lazima utavuka. Pigieni watu hesabu kwa ile bei ya biashara ya 356 tangu mwanzo ili wasije kuona mmewadanganya.

Na nyie Kilosa kuna jambo ambalo kwetu halipo. Kuna vijiji huko kwenu vilikuwa kwenye mkaa endelevu, wanakata kwa kupanga eneo kwa eneo, ushuru unaingia serikali ya kijiji, wamejenga madarasa kwa hela hiyo. Ukienda mjini ukawashawishi mama lishe wote waache mkaa, shimo linatokea kwenye bajeti ya kile kijiji, na mwenyekiti wa kijiji hatakuja kukwambia, atakaa tu akiwapinga kimyakimya. Kwenye andiko lenu wekeni na hao. Mchoma mkaa naye ni mfanyabiashara mdogo. Mnampa nini? Nyuki, miche, ufundi wa mota? Sina jibu lenu hilo, ila mkiliruka andiko lote litakwama hapo.

Kama mnataka kuona eneo zima limebadilikaje, pandeni gari mje Ludewa muone umeme wa maji wa LUMAMA, jina limetoka kwenye Lupande, Mawengi na Madunda. Kilowati 300 tu. Umeme wa maporomoko madogo namna ile usiku kila mtu anawasha, mchana maji yanapita bure, kwa hiyo mashine ya kusaga, seremala na mchomeleaji ndo wateja wa maana. Ukileta umeme bila kuwasaidia hao kununua mota, mtambo unakaa kama pambo.

Na muwe na fundi wenu. Kuna kikundi karibu na huku kilipewa mashine ya bure, ya kisasa, uzinduzi na keki juu. Kadi ya ndani ikafa, anayeijua yuko Dar, mashine imefunikwa turubai mwaka wa pili sasa na kuku wanatagia chini yake. Mi mota yangu inasukwa Makambako na mtu ninayemjua mpaka kwao. Wapelekeni vijana wawili wa kikundi wakajifunze kusuka mota, hiyo peke yake ni ajira.

Nimeulizwa pia hapo juu na mdau mmoja kuhusu puli, lile gurudumu linalovaa mkanda. Ukitoka dizeli kwenda mota usifunge puli ileile. Injini yangu ilikuwa inazunguka kama 2,200 kwa dakika, mota ni 1,450. Soma kibao cha mota na cha kinu. Kama kinu kinataka 3,000 basi puli ya mota iwe kubwa mara mbili na kidogo ya ile ya kinu. Mi ya kwanza nilinunua kwa kukisia, unga ukawa na chenga, wamama wakasusa wiki nzima wakawa wanavuka mto kwenda kwa yule jirani.