Maswali ya Wasomaji: Kusomea Uuguzi wa Afya ya Akili

Barua za toleo hili zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinahusu fani moja. Majibu yameandaliwa na wauguzi wanaowahudumia wagonjwa wa akili na kuwafundisha wanafunzi wodini.

*Shikamooni. Niko kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), hapa Mtwara mjini. Nataka kuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, lakini vyuo ninavyoviangalia vina shahada ya uuguzi tu, neno "akili" halimo. Nisubiri? Halafu Fizikia inanitoa jasho.*
Mwanafunzi, Mtwara

Marahaba. Usisubiri. Njia ya kawaida hapa nchini huanzia kwenye Shahada ya Sayansi katika Uuguzi, ambayo ni miaka minne. Baada ya hapo kuna mwaka mmoja wa intanishipu, yaani kazi ya mafunzo hospitalini, na kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania unaokupa haki ya leseni. Afya ya akili imo ndani ya shahada hiyo kama somo, lenye nadharia darasani na wiki za mazoezi wodini. Ubobezi huja baadaye: MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili, ina shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili. Shahada ya kwanza inafundishwa hapo MUHAS, UDOM Dodoma, KCMUCo Moshi, CUHAS Bugando kule Mwanza na kwingineko.

Usiione miaka ya uuguzi wa jumla kuwa ya kupita tu. Mgonjwa wa akili ana ini, ana sukari, anashika mimba, anaugua malaria. Muuguzi asiyejua kusoma mwili wa mgonjwa atamhudumia vibaya hata kama ana moyo wa huruma kiasi gani.

Kuhusu Fizikia, piga hesabu. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini kinachotumika sana kwa uuguzi ni pointi 6, kwa mfano C ya Kemia, D ya Biolojia na E ya Fizikia. Lakini 6 inakuingiza kwenye foleni tu, na nafasi zikiwa chache huchukuliwa wenye nyingi. Kwa hiyo Fizikia isishuke chini ya E, na nguvu iliyobaki ielekeze kwenye Kemia na Biolojia, maana kila daraja unalopanda huko ni pointi moja. Soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka wako mwenyewe, si wa kaka yako, kisha omba vyuo zaidi ya kimoja. Tumeona vijana wenye pointi nzuri wakikaa nyumbani mwaka mzima kwa kujaza chuo kimoja chenye msongamano.

*Habari za kazi. Binti yangu anataka kwenda kusomea kuwatunza vichaa. Mama yake hali chakula, anasema mtoto atapigwa, au atarudi na yeye hayuko sawa. Mimi nina mikorosho, ada nitajitahidi, lakini mkopo nao tunauhitaji.*
Mzazi, Tandahimba

Mzee wetu, kwanza mwambie mama ale. Ugonjwa wa akili hauambukizi. Binti hatarudi nao kwa kukaa wodini na wagonjwa, kama asivyopata kifafa kwa kumshika mwenye kifafa.

Kupigwa ni hofu ya haki, na ndiyo maana kuna mbinu zinazofundishwa na kufanyiwa mazoezi kabla mwanafunzi hajaachwa na mgonjwa. Husimami mbele ya mgonjwa uso kwa uso. Unasimama kwa ubavu kidogo, umbali unaozidi urefu wa mkono wake. Mlango unakuwa upande wako, ila humzibii naye njia. Kitambulisho cha kamba shingoni kinavuliwa au kinakuwa cha kukatika kikivutwa. Anaongea mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini na sentensi fupi. Mara nyingi mgonjwa anayerusha ngumi alishatoa dalili kabla: anatembea huku na huko, amekunja vidole, sauti inapanda, anamkazia mtu mmoja macho. Binti atafundishwa kuziona dalili hizo na kuita wenzake mapema. Wagonjwa walio wengi hawampigi mtu. Wengi wanaogopa kuliko sisi tunavyowaogopa.

Na tunakuomba, kwa heshima, hilo neno "vichaa" mliache hapo nyumbani. Binti atakuwa anawaita kwa majina yao, naye atafurahi kusikia baba yake akisema "wagonjwa".

Sasa mkopo. Kinachokwamisha maombi mengi ya Bodi ya Mikopo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cheti cha kidato cha nne kina jina la ukoo, na kwingine herufi moja imebadilika. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho vilevile. Viwekeni vyeti vyote mezani leo, visomeni jina kwa jina, herufi kwa herufi. Kasoro ikionekana, anzeni kuirekebisha sasa, kwa sababu dirisha la maombi likishafunguliwa muda hukimbia.

Jambo la pili unalijua kuliko sisi: minada ya korosho huanza kuchangamka Oktoba, na fedha hufika baada ya mzigo kupita ghalani, kuuzwa na chama kulipwa. Vyuo navyo hufungua kati ya Oktoba na Novemba. Tenga nauli, pango na chakula cha miezi miwili kutoka msimu uliopita. Ukitegemea mnada wa kwanza, mtoto ataripoti mikono mitupu, na hiyo ndiyo miezi mwanafunzi wa afya anapohitaji sare, viatu na vitabu kwa pamoja.

*Nina diploma ya uuguzi na nipo kazini. Naweza kuingia shahada bila kurudi kidato cha sita?*
Muuguzi, Masasi

Ndiyo. Vyuo huangalia GPA (wastani wa alama) ya diploma, na 3.0 ndicho kiwango kinachotajwa sana, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne katika masomo ya sayansi. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla ya kuomba chuo, na iwe kwa maandishi.

*Niko mwaka wa tatu, mazoezi nafanyia Lindi. Ripoti yangu ya uchunguzi wa hali ya akili imerudishwa mara mbili. Niliandika: "Mgonjwa amechanganyikiwa, anasikia sauti, kumbukumbu mbovu, hajui kama anaumwa." Mwalimu kaandika pembeni: "Hukuangalia." Nimekaa naye saa nzima!*
Mwanafunzi, Lindi

Tunakuamini kwamba ulikaa naye, na mwalimu pia yuko sahihi. Ulichoandika ni hukumu, nayo haimsaidii muuguzi wa zamu ya usiku. "Amechanganyikiwa" inaweza kuwa mambo kumi tofauti. Andika ulichokiona na ulichokisikia, maneno ya mgonjwa yawe kwenye alama za kunukuu.

Mathalani: "Amevaa makoti mawili mchana wa jua. Nywele zina majani makavu. Ananitazama usoni sekunde chache kisha anageukia kona ya dirisha, midomo inacheza. Nilipomuuliza anaongea na nani alisema, 'Wanaume wawili, wananiambia nisinywe maji ya bombani.' Nikauliza kama wanamwamuru kujidhuru au kumdhuru mtu. Akasema, 'Bado.'" Hiyo "bado" ni neno moja, lakini kwa ajili yake mgonjwa anahamishiwa kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, na vitu vyenye ncha vinaondolewa. Ripoti yako iliandika tu kwamba anasikia sauti.

Fuata mpangilio uliofundishwa: muonekano na mwenendo, usemi, hali ya hisia, mawazo, milango ya fahamu, utambuzi, na anavyouelewa ugonjwa wake. Kwenye utambuzi ndipo wanafunzi wengi hukosea kwa kunakili vipimo vya kitabuni. Zoezi la kutoa 7 kutoka 100 mfululizo linapima shule kuliko umakini kwa mtu ambaye hakupita darasa la pili. Mpe chenji: "Una shilingi 1,000, umenunua vitumbua vya 300, umebakiwa na ngapi? Ukinunua tena vya 300?" Kwa kumbukumbu mtajie vitu vitatu anavyovijua, kama embe, ndoo na jembe. Arudie palepale ili ujue amevisikia, kisha umuulize tena baada ya dakika tano. Kama palepale hakuvirudia, tatizo huenda ni usikivu au umakini, si kumbukumbu. Andika "2 kati ya 3", usiandike "mbovu". Kwa uwezo wa kuelewa maana iliyofichika tumia methali aliyokulia nayo. Umuulize maana ya "haraka haraka haina baraka". Akikujibu kwamba ukikimbia utaanguka, andika jibu lake lilivyo.

Kama ni bibi anayeongea Kimakonde au Kimwera na wewe huelewi, mtafute mfanyakazi wa wodi akutafsirie, siyo mwanawe. Mwana atasafisha majibu kwa aibu, au atajibu yeye.

Kuna la kutangulia yote hayo. Mtu aliyekuwa mzima juzi na leo hajui yuko wapi, anapitiwa na usingizi kisha anashtuka, huyo mchukulie kuwa ana ugonjwa wa mwili mpaka ithibitike vinginevyo. Pima joto, mapigo, presha na oksijeni. Pima sukari kwenye kidole na malaria kwa kipimo cha haraka. Uliza kuhusu pombe na lini alikunywa mara ya mwisho, maana anayeacha ghafla naye huweweseka. Kwa mwanamke, uliza kama amejifungua karibuni. Sukari ikishuka inamfanya mtu apigane, na ukimchoma dawa ya kumtuliza atanyamaza wakati ubongo unaharibika.

*Kijana wetu alichomwa sindano kliniki. Siku ya pili shingo ikapinda, macho yakaangalia juu, ulimi ukatoka nje. Ndugu wakasema sindano imewaudhi mashetani, wakampeleka kwa mganga, na hataki tena dawa. Niliwaeleza lakini sikuwa na maneno ya kutosha.*
Muuguzi, Nachingwea

Ndugu, hilo ni kosa la kutoandaa familia, na linawapoteza wagonjwa wengi. Kilichompata ni mkazo wa ghafla wa misuli. Dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidol na flufenazini hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo. Dopamini hiyohiyo inasaidia kuratibu misuli, hivyo mizani ikivurugika misuli ya shingo, macho na taya hujikaza yenyewe. Hutokea zaidi ndani ya siku chache za mwanzo au dozi ikipandishwa, na vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi. Inatisha na inauma, lakini inatibika haraka: kwa maelekezo ya daktari, promethazini ya sindano ya msuli, miligramu 25 hadi 50, kisha vidonge vya benzhexol, vinavyozuia mkazo huo usirudi. Kinachotaka mbio zaidi ni koo likibana akashindwa kupumua. Na mwili ukikakamaa pamoja na homa kali na jasho jingi, hilo ni jambo jingine: simamisha dawa, mpeleke hospitali hapohapo.

Maneno ya kuwaambia ndugu, kabla ya sindano: "Shingo au macho yakivutwa, ni dawa imeshika misuli. Inatibika, wala hajarogwa. Mleteni saa hiyohiyo hata usiku, tuna dawa ya kulegeza." Waombe wairudie kwa midomo yao. Mganga usimtukane. Sema tu kwamba wakienda kwake, dawa ya kliniki isikatwe.

Kagua na uchomaji. Flufenazini ya depo, yaani sindano inayotoa dawa polepole kwa wiki kadhaa, huanza na dozi ya majaribio ya miligramu 12.5, na mara nyingi huendelea na 25 kila wiki mbili hadi nne. Imo kwenye mafuta, kwa hiyo sindano na bomba viwe vikavu kabisa. Unyevu kidogo tu unaifanya dawa iwe na ukungu. Tumia sindano ya geji 21, choma ndani ya msuli wa tako huku umevuta ngozi pembeni, sukuma polepole, ngoja sekunde 10, chomoa, ndipo uachie ngozi. Usisugue. Badilisha upande kila unapochoma na uandike upande gani.

Kijana wako mfuateni nyumbani, muongee naye mwenyewe kabla ya ndugu. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa, au kumwanzishia benzhexol tangu siku ya kwanza. Akijua shingo haitapinda tena bila msaada kuwa karibu, mara nyingi hukubali kurudi.