Kujiunga na kikundi cha kupanda milima ukiwa na presha: niliyoyapitia mimi

Ndugu yangu, umeeleza kwamba una miaka 44, unafanya kazi ya kukaa ofisini Posta, katikati ya Dar es Salaam, daktari amekukuta na presha ya 150 kwa 95, na wenzako kazini wanakushawishi ujiunge na kikundi chao cha matembezi ambacho mwezi ujao kinakwenda kupanda milima ya Uluguru, kule Morogoro. Umeuliza kama mazoezi hayo yatakusaidia kweli, kama hutawachelewesha wenzako, na kama gharama zake zinabebeka. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu miaka mitatu iliyopita nilikuwa mahali ulipo leo, isipokuwa mimi nilikuwa na miaka 47, presha ya 156 kwa 98, na tumbo ambalo mke wangu alikuwa akilitambulisha kwa wageni kama mtoto wetu wa tano.

Yatakusaidia. Hata hivyo, usitarajie kwamba mlima ndio utakaokuponya. Mara moja kwa mwezi juu ya mlima haimtoshi mtu yeyote: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na safari ya mwezi haiwezi kujaza pengo la siku nyingine zote. Kilichonibadilisha mimi ni kwamba kila Jumamosi alfajiri kuna watu wanaonisubiri, na nisipotokea simu inaita. Kabla ya hapo nilikwisha kununua raba mara mbili, nikajiandikisha ukumbi wa mazoezi mara moja, na vyote vikaishia njiani, maana hakukuwa na mtu ambaye angeona kwamba sikwenda. Baada ya kujua kwamba Jumamosi nitaaibika mbele ya watu nikihema kama mbuzi wa mnadani, ndipo nilipoanza kutembea pia siku za kazi. Jioni natoka Posta kwa miguu hadi Kariakoo, karibu nusu saa, halafu ndipo napanda daladala ya kurudi Tabata. Na ofisini, ghorofa ya sita, lifti nimewaachia wenye haraka.

Sasa kuhusu hofu yako ya kuwachelewesha wenzako. Hilo ndilo swali zito kuliko yote uliyouliza, na nitalikalia kidogo.

Kikundi changu cha kwanza kilikuwa kikubwa, watu zaidi ya 60, wenye fulana za rangi moja na mpiga picha wao. Safari yangu ya kwanza ilikuwa msitu wa Pugu, kule Kisarawe, mwezi wa Februari. Wanaoishi hapa wanajua Februari ya Dar es Salaam ilivyo: joto ni kali, hewa imejaa unyevu, na jasho linatiririka tu bila kukauka, kwa hiyo mwili haupoi. Nilifanya makosa matatu asubuhi moja. Sikula kitu, nilikunywa kidonge changu cha presha ambacho ni cha aina ile ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, na nilibeba chupa moja ya nusu lita. Basi lilichelewa kuondoka mjini, tukaanza kutembea saa tatu na nusu, jua likiwa tayari limepamba moto.

Baada ya saa moja nilikuwa wa mwisho. Hapo nikajifunza jambo ambalo mtu mwepesi hawezi kuligundua katika maisha yake yote. Walio mbele wanapofika kwenye kivuli, wanakaa, wanakunywa maji, wanapiga picha, wanamsubiri wa mwisho. Wa mwisho anapofika, kiongozi anapiga makofi, anasema, "Haya, wote tumeshafika, twendeni!" Wanainuka waliokwisha kupumzika, na anayehitaji kupumzika kuliko wote anafuata bila kukaa hata dakika moja. Hilo lilijirudia mara nne. Mara ya tano, kizunguzungu kikanishika, nikakaa chini penye majani makavu huku naona ukingo wa kofia yangu umekauka chumvi nyeupe kama mstari wa chaki, na sauti za wenzangu zinapungua mbele mpaka nikabaki nasikia ndege tu.

Aliyerudi ni mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, ambaye hata hakuwa na cheo chochote katika kikundi kile. Alinipa maji kwa mafunda madogo madogo, akanimenyea ndizi mbivu, akasubiri mpaka rangi ya uso iliporudi. Kisha akaniambia, "Baba, wewe unatembea kama mtu anayekimbilia daladala, halafu unasimama, halafu unakimbia tena. Tembea kama anayekwenda kisimani, anajua kuna kurudi na ndoo." Tulitoka msituni wawili, polepole, bila kusimama hata mara moja, na tukalikuta basi bado linasubiri, kwa sababu wale wa mbele walikuwa wanabishana juu ya mahali pa kwenda kula nyama choma.

Mama huyo ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi nilichomo hadi leo, watu 20 na kitu, na kule taratibu zimepinduliwa. Anayetembea taratibu kuliko wote hawekwi nyuma. Anawekwa wa pili, mgongoni mwa kiongozi, na kasi yake ndiyo kasi ya msafara. Nyuma kabisa anatembea mtu mzoefu mwenye begi la huduma ya kwanza, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa nyuma yake, hata anayeingia kichakani kujisaidia anaweka fimbo yake njiani ili mtu wa nyuma asimpite. Wepesi wanalalamika wiki mbili za kwanza, halafu wanazoea au wanaondoka. Kwa hiyo kabla hujatoa mchango kwa kikundi cha wenzako, uliza swali moja: nani anatembea mwisho? Wakikutajia jina bila kufikiri, mahali hapo ni salama. Wakicheka na kusema, "Hatumwachi mtu," uliza tena.

Kasi ya kutembea yenyewe ina kipimo rahisi ambacho hakihitaji saa ya mkononi. Ukiweza kusema sentensi nzima na mwenzako lakini huwezi kuimba, hapo uko kwenye mazoezi ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Ukisikia maumivu ya kifua, au pumzi kukata kwa namna usiyoizoea, au kizunguzungu, hapo hakuna kujikaza kiume. Unakaa, unasema, na safari yako ya siku hiyo imekwisha. Na kabla ya yote hayo, rudi kwa daktari wako umweleze unachotaka kufanya na dawa unazotumia, hasa kama ni zile za kutoa maji, akuelekeze uzinywe saa ngapi siku ya safari. Mimi sikuuliza, na nimekueleza yaliyonipata. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe kwa sababu tu unajisikia mwepesi. Katika kundi letu la WhatsApp kuna aliyefanya hivyo na akalazwa.

Nikiwa hapo hapo kwenye WhatsApp, jiandae. Kila kikundi cha mazoezi kina mtu mmoja au wawili wanaouza unga wa lishe na majani ya kusafisha damu, na wanaona mwenye presha kama mteja aliyeletwa na Mungu. Sisi tuliweka sheria kwamba biashara inatangazwa Ijumaa tu, na dawa haitangazwi siku yoyote.

Uluguru ni jambo jingine. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari imekuwa fupi kiasi kwamba watu wanauona mlima ule kama uko Kibaha, lakini miguu haipandi treni. Tulipokwenda mimi tayari nilikuwa na miezi sita ya Jumamosi za Pugu. Tulianzia Morogoro mjini, tukapita mashamba ya wenyeji yaliyolimwa kwenye miteremko ambayo mimi nisingethubutu hata kusimama, tukielekea Morningside, ile nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani. Njiani tulipishana na akina mama wa Kiluguru wanaoshuka sokoni na matenga ya mboga kichwani, wamevaa kandambili, wanatusalimia bila kuhema, na mmoja wetu mwenye viatu vya bei mbaya na fimbo mbili za kisasa aliinamisha kichwa kwa heshima. Kupanda kulinichosha lakini hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni kushuka.

Hili watu hawaambiwi. Unapopanda, moyo na mapafu ndivyo vinavyolalamika. Unaposhuka, kazi inahamia kwenye misuli ya mbele ya mapaja, ambayo inakuwa kama breki: inavutika huku ikiwa imekaza, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoacha maumivu yanayokuja kesho yake na kuzidi keshokutwa. Jumatatu niliteremka ngazi za ofisini nikiwa nimegeuka kinyumenyume, nimeshika ukuta, mbele ya mlinzi aliyejitahidi sana asicheke. Isitoshe, viatu vyangu vilikuwa saizi yangu kamili, kwa hiyo kila hatua ya kushuka vidole viligonga mbele, na kucha mbili za dole gumba zikageuka nyeusi na kung'oka baada ya wiki kadhaa. Tangu hapo nanunua kiatu kinachozidi kidogo, na ninakwenda kukijaribu jioni, wakati mguu umevimba kwa kutembea kutwa. Usidharau mitumba ya soko la Karume. Raba zenye meno makali chini zinapatikana pale kwa bei ya kuelewana, ila ikunje soli kwanza, maana iliyokaa sana inakauka na kubanduka safarini.

Gharama zinabebeka ukiwa na busara. Jumamosi za kawaida tunachangia nauli ya kosta, kiingilio cha hifadhi na posho ya mwongozaji, na kwangu mimi mara nyingi haizidi ninachoweza kutumia Jumamosi nikikaa baa. Pesa inapotea baada ya matembezi. Kikundi cha kwanza kilikuwa kinamalizia kwenye nyama choma na bia mpaka saa kumi na moja, na ninaamini kwa dhati kwamba baadhi yetu tulirudi nyumbani tukiwa wazito kuliko tulivyoondoka. Sasa tunabeba viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga na matunda, tunakula kivulini, na saa sita mtu yuko kwake.

Kuhusu matokeo, nitakuwa mkweli. Baada ya miezi minane kipimo changu kilikuwa 134 kwa 84, na daktari akanipunguzia dozi, yeye mwenyewe, si mimi. Lakini katika miezi hiyo nilipunguza pia chumvi na kuacha chipsi za mchana, kwa hiyo siwezi kukuambia sehemu ipi ni ya miguu na ipi ni ya sahani. Kilo zilipungua nne tu. Usingizi ndio uliobadilika wazi: nilikuwa naamka saa tisa usiku nawaza mikopo, sasa naamka alfajiri. Na baba mkwe wangu alipofariki, nilifika msibani nikawakuta wanakikundi wawili wamekwisha kufunga turubai, kabla hata ya watu wa ofisini kwangu kujua kuna msiba. Jambo hilo halipimwi kwa mashine ya presha, lakini nimeona niliseme.

Mwezi ujao usiende Uluguru. Waambie wenzako utawapokea wakirudi. Wewe anza na nusu saa za jioni siku tano kwa wiki, halafu Jumamosi nendeni Pugu, muwe mmeanza kutembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumaliza kabla ya saa nne, na umekula kitu. Beba lita mbili za maji hata kama wanasema ni njia fupi. Masika ikianza, Machi hadi Mei, udongo wa kule unateleza sana, kwa hiyo miezi hiyo wengi wetu tunahamia kwenye vilima vya Chuo Kikuu pale Mlimani, penye lami. Uluguru uipange Julai au Agosti, wakati wa baridi, ukiwa umekwisha kwenda Pugu walau mara nane bila kukaa chini. Na kucha za miguu zikate siku mbili kabla ya safari, si usiku wa kuamkia, ili mahali ulipokata vibaya pawe pamepoa kabla ya mteremko.